Shimo Lililomeza Jiko la Mama

Ghorofa ya Juu, Tanuri la Mikate,
Mtaa wa Nyuma ya Soko.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na mapacha wenu, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Najua ulivyo mkaidi wa dawa. Wifi akikupa, kunywa, usijifanye umesahau.

Sisi huku hatujambo. Mama ana nguvu, ni magoti tu yanayomlalamikia anapopanda ngazi zangu. Tanuri linawaka, unga unapatikana, na wateja hawajaacha kuniambia kwamba mikate ya marehemu baba ilikuwa mikubwa kuliko yangu.

Umeniuliza nyumba ya mama ilipatwa na nini. Nusu umeisikia kwa binamu na nusu kwa mdogo wetu Kitinda mwenyewe. Sasa nisikilize na mimi, maana niliyekuwa ndani ni mimi.

Unakumbuka kwamba shimo la kwanza lilifunguka kwenye gereji ya mabasi, likameza lori lililokuwa limeegeshwa. Mji ulikuwa umeshapanga kujenga maghorofa marefu katika mitaa yote ya zamani, ikabidi wasimame kwanza wapime ardhi. Na mkuu wa wapimaji akaletwa nani? Kitindamimba wetu, na kofia yake ngumu, na mabuti ya matope ambayo mama aliyaosha kwa mikono yake. Mama yuleyule, Kaka, ambaye akija kwangu hata kikombe hakisogezi, anasema magoti.

Sitakuficha, roho iliniuma tangu siku ile. Alipewa chumba cha mbele. Alitandikiwa shuka nilizonunua mimi. Jioni mama alinituma mikate, na si mikate tu, ile laini ya maziwa, kwa kuwa "mtoto ameshinda juani." Mimi nashinda mbele ya tanuri tangu baba afariki, sijawahi kusikia nimeshinda wapi.

Kila asubuhi Kitinda alisukuma kando ya barabara mtambo wenye magurudumu, mfano wa kigari cha mtoto. Mtambo ule hutuma mawimbi chini, nayo yakirudi humwonyesha kilichopo. Penye mashaka wenzake walichoronga ardhi kwa keekee ndefu, wakatoa udongo mrefu kama soseji, wakaupanga kwenye masanduku. Wateja wangu walikuwa wakiacha mkate juu ya kaunta na kutoka kwenda kumtazama. Na mimi nilimtazama, ila kwa jicho jingine.

Siku moja aliupitisha mtambo kwenye ukumbi wa mama, kutoka mlango wa mbele hadi jikoni. Nilikuwepo, nimeleta mikate. Alirudi amebadilika uso. Akakaa mezani, akatueleza polepole kwamba chini ya mtaa ule kuna mwamba wa chokaa ambao maji huula taratibu, na kwamba bomba kuu la zamani limekuwa likivuja. Maji yamebeba udongo kidogo kidogo, na chini ya jiko pamebaki uwazi mkubwa uliofunikwa na tabaka jembamba kama ganda la yai.

"Mama, hapa pa kuhama," akasema. "Na si mwezi ujao."

Mama akauliza, "Nianze kufungasha vyombo au nguo?"

Kaka, nilikuwa nimeshika sahani, nusura niidondoshe. Tangu niwe mjane nimemwomba mama aje kukaa nami huku juu ya tanuri. Nimembembeleza, nimenuna, nimemtuma mjomba. Jibu lilikuwa moja tu, nyumbani kwa mumewe hatoki. Leo huyu kasema neno moja, mama anauliza vyombo au nguo!

Nikashindwa kujizuia. "Mama, mimi je? Mimi nimekuomba mara ngapi?"

Akanijibu hata bila kunitazama, "Wewe uliniambia nihame kwa sababu uko peke yako. Huyu ananiambia nihame kwa sababu nitakufa."

Nikafikiri basi, angalau atakuja kwangu. Hakuja. Alikwenda na Kitinda kwenye fleti ambayo ofisi yake ilimpa nyumba ya mama ilipofungwa, eti kule kuna lifti. Mtaa mzima ukahamishwa, na shule ya chekechea iliyopakana na ukuta wa mama ikafungwa. Watu walinung'unika. Mwenye viwanja vya kujengwa maghorofa alisema Kitinda anawatisha wananchi na kuwakimbiza wajenzi. Mwalimu wa chekechea alikuja dukani kulalamika, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa namkatia mkate huku nikifurahi kusikia mtu mmoja asiyemsifu.

Kilichoniponza ni kile kiti cha mama cha kuegemea, chenye mto wa bluu. Katika haraka ya kuhama kilibaki. Mama akakililia, kwamba fleti ina makochi lakini mgongo wake haujui makochi. Kitinda akakataa katakata, nyumba imefungwa na haingii mtu. Nikajiambia, hapa ndipo pangu. Kuna kitu kimoja duniani ambacho Kitinda hawezi kumpa mama, nami nitakileta mlangoni kwa mkono wangu.

Nilikwenda mchana, wapimaji wakila. Mlinzi wa utepe uliozungushiwa mtaa ni mteja wangu. Nikamwambia, "Nachukua kiti tu, natoka sasa hivi." Akasita, nikampita.

Kaka, nyumba uliyokulia haikuwa ileile. Mlango wa mbele ulikuwa umekaza, nikausukuma kwa bega. Vigae vya ukumbini vilitoa mlio wa debe tupu chini ya viatu vyangu. Nikasikia maji yakitiririka, na mabomba ya nyumba yalikuwa yamefungwa yote. Mtu mwenye akili angegeuka. Mimi nilikuwa namwona mama akikaa kwenye kile kiti na kusema, "Mwanangu, ni wewe tu."

Nilikikuta kwenye chumba kinachopakana na jiko. Nimekinyanyua, nimefika ukumbini, jiko likaenda. Hakukuwa na kishindo nilichokitarajia. Ilikuwa kama mtu mzito aliyeketi na kushusha pumzi. Pale palipokuwa na meko na kabati pakawa vumbi na mwanga wa jua, na sakafu mbele yangu ikainama.

"Dada, usikimbie."

Alikuwa Kitinda, ameitwa na mlinzi, yuko mlangoni, kamba imefungwa kiunoni mwake. Sauti yake ilikuwa ya upole kama anambembeleza mtoto.

"Sogea ukutani. Ukuta wa barabarani. Kiache kiti."

"Sikiachi!"

"Dada, kiache kiti!"

Nilikiacha. Kiliteleza chenyewe kwenye mteremko, miguu juu, kikatoweka. Miguu yangu ikakataa kusogea. Ndipo akalala kifudifudi juu ya ubao na kuja kwa kutambaa, wenzake wakiishika kamba na kumpigia kelele arudi. Hakumtuma mtu. Akanishika kifundo cha mkono. Tukatambaa pamoja hadi nje. Tulipokuwa barabarani ukumbi nao ukafuata.

Msimamizi wa wachorongaji alimfokea mbele za watu, "Umevunja sheria ulizotuwekea mwenyewe!" Akajibu, "Najua," akageuka pembeni kutapika.

Mama akaletwa. Alimkumbatia nani kwanza? Nadhani huhitaji kuambiwa. Halafu akanitazama mimi, vumbi hadi kwenye kope, akauliza, "Kiti kiko wapi?"

Nilitaka lile shimo linimeze kwa hiari yangu. Lakini kabla sijajibu akaketi pale pale kandokando ya barabara na kushika pindo la gauni langu kwa mikono miwili. Hakuliachia mpaka tulipofika hapa tanurini. Kwenye gari watu walijaribu kumbandua, akawaambia wamwache.

Kesho yake walipopima, ukingo wa shimo ulikuwa umeingia chini ya darasa la chekechea. Yule mwalimu alirudi dukani analia, anamuulizia Kitinda amwombe radhi. Sasa maghorofa hayatajengwa pale. Bomba linafukuliwa na kuwekwa jipya, uwazi unajazwa, na mitaa mingine inapimwa kabla mtu hajaweka hata tofali. Mitaani mimi siitwi tena mwoka mikate. Naitwa dada wa yule.

Kitinda ameshaondoka, mji mwingine unamhitaji, na ndiyo maana mama yuko kwangu. Nisijidanganye, nimempata kwa kuwa mwenzangu amesafiri. Siku ya kuaga tulibaki wawili pale kwenye gari, nikamwambia lililokuwa limenikaa kooni:

"Unaniachia mama, unaondoka na sifa zote."

Hakucheka. Alinitazama, macho mekundu, akasema, "Tubadilishane?"

Kwa mara ya kwanza niliona kwamba anakwenda kulala kwenye fleti nyingine tupu, na mimi narudi nyumbani ambako kuna mtu wa kuniuliza kama nimekula. Nikamtia mikate ya maziwa mkononi, nikafunga mlango wa gari kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Wivu haujaisha. Umepungua makali tu, kama kisu kilichokata maganda mengi.

Nisalimie wifi, mwambie zile nyuzi alizotuma zimefika. Wabusu mapacha. Mjomba na binamu wanakusalimu, na mlinzi wa utepe pia, ambaye siku hizi hataki hata kuniona. Mungu akulinde huko uliko, akupe afya, riziki na safari njema ya kurudi.

Mama naye yuko hapa pembeni, amekaa kwenye kochi langu na hasemi lolote kuhusu mgongo. Anakusalimu sana. Anauliza kama ardhi chini ya nyumba yako imepimwa, na kama haijapimwa, anasema usihangaike kutafuta mtu, atakutumia Kitinda. Nimeandika neno kwa neno kama alivyosema, na amenisimamia mpaka nikamaliza.

Ni mimi wa katikati, nikupendaye hata ninapokuwa nimenuna,

Dada yako wa Tanurini.