Gumegume Kwenye Vigingi Vyako

Baba mkwe,

Salamu zangu zikufikie huko mbele ya haki. Nyumba ya Azaiba ni salama. Kiti chako cha barazani kiko kwa fundi huko Wadi Kabir, na vile vigingi viwili ukutani, vilivyoingoja bunduki ya mzee wako tangu mlipohama Unguja mkaiacha, sasa vina bunduki. Nimeichagua mimi. Najua ungecheka.

Bintiyo Zuwena ndiye aliyenituma. Alinipa picha ya babu yake amesimama na gumegume lake, ile bunduki ya cheche za jiwe, akasema hataki pambo, anataka ya namna ileile, watoto waione Idi. "Ukija na ya utambi," akasema, "bora vigingi vikae vitupu."

Dukani Matrah niliwekewa mbili. Ya kwanza imejaa fedha na nakshi, na muuzaji akaapa kwamba ni gumegume la asili. Nilikwisha kuipenda. Ndipo nikakumbuka ulivyoniambia hapo hapo sokoni, tulipokuwa tukitazama majambia: "Usitazame nakshi, yakhe. Tazama mbao inapokutana na chuma." Nikatazama. Mbao ilikuwa na tundu la zamani lililozibwa kwa gundi. Ilikuwa bunduki ya utambi, imebandikwa mtambo wa jiwe majuzi tu. Ya pili haikuwa na sura, mtutu umechakaa, lakini mtambo wake umekaa kwenye mbao kama jino kwenye ufizi, na kinywa cha chuma kimeliuma jiwe kama pichani. Nikaichukua hiyo.

Miaka yote uliniita mume gumegume, yaani asiyefaa kitu. "Zuwena, muamshe gumegume wako, chai tayari." Wageni walinihurumia, nawe ukawatuliza: "Gumegume halitoi cheche mpaka ligongwe. Mie namgonga tu."

Jana Zuwena aliipachika mwenyewe. Akaitazama, kisha akanitazama mimi. "Sasa nna magumegume mawili," akasema. Tukacheka, halafu akalia, nami nikaenda kuosha vikombe.

Sikudhani kwamba jina lile ningekuja kulililia. Nimekukumbuka, Baba. Humu ndani hakuna tena wa kunigonga.

Nakuahidi nitaipaka mafuta kila Ijumaa nikitoka kaburini kukusomea. Wajukuu wakiuliza inaitwaje, nitawatajia jina lake, na wakinitazama mimi wakacheka, nitawaacha wacheke.

Pumzika, Baba.

Ni mimi,
gumegume wako