Bibi Amekutaja Wewe, Si Mimi

Kanyenkoko,
Rumonge, Burundi.
Tarehe 3 Novemba 2024.

Mpendwa Dada Anita,

Amahoro! Nakusalimu kwa upendo wewe, Shemeji Meshaki, na mtoto wenu ambaye bado sijamwona. Hapo Kigoma mnaendeleaje? Yale maumivu ya mgongo uliyoyapata baada ya kujifungua, yameisha kabisa au bado yanakurudia? Huku sisi tunaamka, tunakula kinachopatikana, tunamshukuru Mungu. Mama yuko sokoni na mafuta yake ya mawese, mdogo wetu wa mwisho akiwa mgongoni. Mimi niko mwaka wa tisa, mtihani wa taifa unaningoja.

Simu yako haipatikani tangu mwezi wa nane, kwa hiyo barua hii nimempa Tahiri, jirani yetu anayepeleka sabuni soko la Manyovu. Ameahidi kuteremka hadi Kigoma, kukuona kwa macho yake na kusubiri jibu lako.

Sasa nikupe habari za Bibi Agata. Kikohozi chake si kile unachokikumbuka. Zamani alikuwa anakohoa na kuendelea na kazi, siku hizi anakohoa na kazi inamngoja. Majirani walidhani ni kifua kikuu, wengine wakaanza kumtengea kikombe. Makohozi yakapimwa, hakuna kitu. Melkiades, muuguzi wa kituo chetu cha afya, alimwambia, "Bibi, hiyo ni moshi. Umepika mawese miaka yote, moshi umejenga nyumba mu mapafu."

Bibi akamjibu, "Kama umejenga, basi unilipe kodi!"

Tulicheka, lakini yeye kicheko kilimgeukia kikohozi, akashindwa kukimaliza.

Melkiades alisema anahitaji daktari wa mapafu peke yake, yule ambaye kwa Kifaransa wanamwita pneumologue. Hapa Rumonge hatumjui hata mmoja. Na Bibi ana karte ya bima ya serikali, ile ya wakulima na wafanyabiashara wadogo, ambayo Mjomba Seth alimnunulia. Mjomba mwenyewe ana karte ya walimu, lakini hiyo inamfunika yeye, mke wake na watoto wake tu. Mama mzazi hayumo.

Kazi ya kutafuta nilipewa mimi, kwa sababu ndimi ninayeweza kuongea Kifaransa bila kukwama. Nilitumia simu ya Mama Kabibi, jirani yetu muuza ndagala, wale dagaa wenu wa Kigoma, kila nilipotoka shule. Kliniki ya kwanza ya Bujumbura, sauti nzuri kama ya redioni ilinisikiliza mpaka mwisho, kisha ikaniambia karte ya namna hiyo hawaipokei, tulete pesa mkononi. Kwingine wanapokea karte ya watumishi wa serikali peke yake. Kwingine daktari alikuwa amekwenda kusoma Ulaya. Nilikuwa nasema merci kwa heshima kama tulivyofundishwa, nikikata simu nashindwa kumwangalia Mama usoni.

Melkiades ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia niache kupigia kliniki, nitafute daktari anayefanya kazi katika hospitali ya serikali, na kabla ya hapo tupitie hospitali ya hapa ili watuandikie karatasi ya kumhamisha. Bila karatasi hiyo, karte ni kama picha tu. Tulipitia, tukaandikiwa. Nikapiga tena Bujumbura, na safari hii mtu akaniambia ndiyo. Daktari yupo, karte anaipokea, Bibi atapulizishwa kwenye mashine inayopima pumzi. Randevu ni Jumatano tarehe 20 mwezi huu. Anaweza kumlaza siku kadhaa, kwa hiyo aje na mtu wa kukaa naye, ambaye huku tunamwita umurwaza. Mmoja tu. Wodi yao ya vifua hairuhusu wawili.

Dada, nilikimbia nyumbani kama mwehu. Bibi alikuwa ameketi na mgongo ukutani, Mama Kabibi kando yake akichambua ndagala. Nikasema, "Bibi, amepatikana! Na karte anaikubali!"

Akapiga makofi. "Urakoze cane, mwana wanje," akanishukuru, akamshukuru na Mungu, akapangusa macho. Nilikuwa bado natabasamu aliposema, "Sasa muite Anita. Yeye ndiye atanipeleka."

"Bibi, mimi niko hapa."

"Nakuona. Wewe baki na vitabu vyako."

"Lakini daktari atakuuliza kwa Kifaransa."

"Daktari ataniuliza mara moja. Usiku muzima nani atanigeuza? Mbavu zangu hazijui Kifaransa."

Mama Kabibi alicheka mpaka ndagala zikamwagika. "Angalia Jovita! Amenuna kama ndagala iliyonyeshewa mvua!"

Mama alijaribu kumshawishi jioni ile. Yeye mwenyewe hawezi kwenda, ananyonyesha, na wodi ya vifua si mahali pa mtoto mchanga. Akamwambia mimi nina akili, nitaweza. Bibi akasema, "Anita asipokuja, mimi siendi. Mapafu ni yangu." Unamjua. Amekwisha kulisema, na hajalibadilisha hadi leo.

Nakuandikia kweli, maana tumefundishwa kwamba barua ya ndugu haifichi: nakuonea wivu. Ni wivu wa leo, na nilipoamka asubuhi ulikuwa umeshaamka. Akitaka maji mchana ananiita kwa jina lako. Nampelekea, anakunywa, wala hajui amekosea. Nikimkanda mgongo anasema, "Polepole, mutoto, unanifuta kama ubao! Anita alikuwa na mikono." Na mimi najiangalia mikono yangu, nashindwa kujua ina kasoro gani.

Halafu kuna hadithi zako. Jinsi ulivyokuwa unalala mgongoni kwake kule kambi ya wakimbizi ya Ulyankulu wakati mama yako, Mama Mkubwa, yuko shamba la tumbaku. Jinsi ulivyong'ang'ania lori siku Bibi na wazazi wangu waliporudi Burundi na ninyi mkabaki, hadi baba yako akaja kukubandua vidole kimoja kimoja. Hiyo anaisimulia kwa kila mgeni, na kila mara anaishia kulia. Mimi nilizaliwa huku, mwaka ule ule waliofika. Nimelala naye chumba kimoja maisha yangu yote. Sijawahi kutengana naye hata juma moja, ndiyo maana hana hadithi yangu.

Juzi nilimuuliza waziwazi, "Kwa nini yeye?" Alipopata pumzi akasema, "Kule Ulyankulu homa ilinilaza, watu wakaanza kunichagulia nguo ya kuzikwa. Anita alinisafisha, naye mutoto mudogo. Alishaniona vibaya, hataogopa tena. Wewe ukiniona vile, utasoma na woga."

Labda alidhani jibu hilo litanituliza. Dada, liliniongezea. Nilitamani ningekuwa mimi niliyekuwepo.

Lakini tarehe 20 haingojei wivu wangu uishe. Kwa hiyo nakuomba uje. Ufike kwetu ifikapo Jumatatu tarehe 18, Jumanne tuwapandishe gari la Bujumbura. Pita Manyovu na Mugina, kisha Nyanza-Lac. Petroli huku ni ya shida, magari ni machache, usiache kuondoka Kigoma alfajiri. Mtoto mwache kwa Mama Mkubwa ikiwezekana, au uje naye, tutamlea mimi na Mama mpaka mrudi. Karatasi zote ziko tayari. Maneno ya Kifaransa nitakuandikia jinsi yanavyotamkwa, na nitakuwa karibu na simu ya Mama Kabibi, daktari akitaka kuniuliza.

Kuna mambo ambayo hadithi za Ulyankulu hazikufundishi, maana Bibi unayemjua wewe alikuwa na pumzi. Siku hizi halali chali, analala ameketi, na mto unawekwa kiunoni, si kichwani. Asubuhi usimsemeshe kabla hajamaliza kukohoa, ataona aibu. Moshi wa sigara wa mtu aliye mbali unamshinda kuliko vumbi la karibu.

Na akitembea, hatakuambia kamwe kwamba amechoka, hasa mbele ya watu. Utamjua kwa kuwa anaanza kusifu vitu: "Nyumba nzuri hii. Mti mzuri ule." Hapo usimwambie apumzike, atakasirika na kuongeza mwendo. Simama wewe. Inama, ufunge kamba ya kiatu chako. Atakugombeza, "Wewe na viatu vyako!" na huku anahema. Usiinuke mpaka usikie anapumua kwa pua. Jambo hili hakuna anayelijua, hata Mama. Lilikuwa letu wawili, ingawa yeye hajui kwamba liko. Sasa ni lako pia.

Ikiwa huwezi kuja, usitume kitenge wala dawa. Mwandikie Bibi kwa mkono wako kwamba umenituma mimi badala yako. Neno langu amelikataa, lako huenda akalikubali. Sitakudanganya, kuna upande wa moyo wangu unaotamani uandike hivyo. Lakini Bibi akikuona mlangoni ataondoka kwa furaha, na mtu mwenye furaha nadhani anapuliza mashine vizuri zaidi. Kwa hiyo usiusikilize upande huo.

Mama anakusalimu sana, anasema umpe Mama Mkubwa pole na kazi. Mjomba Seth na familia yake huko Bugarama wanakukumbuka. Mama Kabibi hamjaonana lakini anakusalimu, ameshakuwekea ndagala kavu za Gitaza. Mpe Shemeji shukrani zetu kwa kukuruhusu, maana najua atakuruhusu. Mungu awafungulie njia wewe na wote wa nyumba yako, na mpaka wa nchi uwapitishe bila usumbufu.

Bibi ameketi hapa karibu, ananiuliza mbona barua ya kumuita mtu mmoja inajaa karatasi mbili. Nimemwambia naeleza njia. Anasema nikuandikie kwa herufi kubwa kwamba anakungoja. Nimeandika: ANAKUNGOJA.

Mdogo wako anayekuonea wivu, anayekupenda, na anayekungoja pamoja naye,
Jovita