Sekunde Tano Zangu

Kerende, Jumanne

Leo jaribio la mfumo wangu wa kuorodhesha wachimbaji lilipita, na kompyuta ikaonyesha: shimoni hakuna mtu.

Mzee Chacha, anayewavuta wachimbaji kwa kamba kutoka shimoni, akachungulia kompyuta. "Hakuna mtu? Wako sita chini."

Nilikuwa nimeiagiza programu isubiri sekunde tano, kisha isome ukurasa wa mtandaoni wenye majina ya walio shimoni. Nilipoijaribu Tarime mjini, zilitosha. Huku mtandao unasuasua, ikasoma kabla majina hayajatokea.

Nikamuuliza yeye husubiri dakika ngapi kabla ya kuvuta.

"Sihesabu, mwanangu. Nasubiri aliye chini atikise kamba."

Nimezifuta zile sekunde. Sasa programu inasubiri ukurasa wenyewe utoe ishara kwamba orodha imekamilika.

Kesho wasimamizi wa mgodi wangelipua baruti shimoni kwa kuangalia orodha yangu tu.