Jitu Lenye Mafua na Mdomo Wangu

Jumapili, Februari 2013. Theluji tangu alfajiri. Gari langu kule chini limekuwa kichuguu cheupe, na mimi sina hamu hata ya kusimama dirishani.

Leo nina aibu. Naandika hivyo mapema, kabla sijaanza kujitetea, maana najijua.

Mnaopita kwenye blogu hii mnaujua ugonjwa wangu: tamthilia za Kijapani za mashujaa wenye helmeti na suti za rangi, wanaopigana kila wiki na majitu ya mpira. Mtu mzima, mwenye kazi ya ofisini huku ughaibuni, mtaa wa Don Mills, na bado nashangilia mwanamume aliyevaa suti nyekundu akiruka juu ya mlipuko. Aibu hiyo nilishaizoea. Ya leo ni nyingine.

Tangu mwaka jana, kabla ya baridi kuanza, Baba anaishi nami. Ni mwalimu mkuu mstaafu kutoka Morogoro, mgane, na macho yake yana mtoto wa jicho, anasubiri upasuaji. Kiingereza anakijua kunishinda, ila yale maandishi madogo ya chini ya skrini hayaoni. Kwa hiyo kila Jumapili, tukitoka misani, tunakaa kwenye kochi, mimi nasoma na kumwambia kwa Kiswahili wanachosema.

Na Baba amezipenda. Shida ni kile alichokipenda.

Tamthilia hizi huwa na hadithi kubwa: usaliti, siri za ukoo, dunia kukaribia kuangamia. Halafu kuna zile sehemu tunazoziita za kujazia. Hadithi kubwa inasimama, shujaa anajifunza kupika, au jitu linawafanya watu wa mji mzima wacheze ngoma bila kupenda. Wiki inayofuata hakuna anayekumbuka. Mashabiki wengi huziruka. Mimi mwenyewe nimezikejeli humu zaidi ya mara moja.

Baba anazitaka hizo tu. Dunia ikikaribia kuangamia, yeye anasinzia.

Leo alikuja Sheila, tunayefanya naye kazi. Wazazi wake ni Wagoa wa Nairobi, yeye amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, lakini hujibu kwa Kiingereza. Juzi juzi niligundua kuwa naye anafuatilia tamthilia hii hii, nikafurahi kama mtoto. Sijawahi kupata mtu wa kuzungumza naye mambo haya ana kwa ana. Nikamwalika tutazame pamoja sehemu inayotangulia ya mwisho. Nilitaka anione mjuzi.

Nikiwa nahangaika kuunganisha kompyuta na televisheni, Baba akaanza kumsimulia.

"Binti, uliiona ile ya jitu lenye mafua?"

Akasimama kabisa, katika sweta na soksi zake za sufi. Akakunja mabega akawa jitu. Akapiga chafya hadi kikombe kikatikisika mezani.

"Mashujaa wote wanafika, silaha mkononi. Wanalikuta linatetemeka! Sasa, utampigaje mgonjwa? Wakasema, tulingoje lipone. Basi wakalipikia uji. Jitu zima la chuma, linalishwa uji kwa kijiko, linalia machozi..."

Sheila alikuwa anacheka kwa moyo wote. Nami ningecheka. Lakini nilichokiona ni mzee anayepiga chafya za uongo mbele ya mgeni wangu, uso ukanichoma. Nikasema kwa Kiingereza, haraka, kwa lafudhi ile ninayoitumia ofisini: usimjali, yeye anapenda zile za kipuuzi tu, hadithi yenyewe hawezi kuifuata.

Kana kwamba hayupo chumbani. Kana kwamba si yeye aliyenifundisha hicho Kiingereza.

Baba akashusha mikono. "Samahani, nimewachelewesha," akasema, akakaa.

Sheila aliangalia kikombe chake. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nikamsikia akizungumza Kiswahili.

"Na halafu, Uncle? Jitu ilipona?"

"Lilipona," Baba akamjibu kwa upole. "Tazameni yenu kwanza."

Tukatazama. Shujaa niliyempenda kuliko wote akafa, na sikusikia kitu. Ilipokwisha, Sheila aliaga akisingizia barabara. Mlangoni alisema nimwambie Uncle kwamba hadithi yake ndiyo iliyokuwa nzuri leo.

Nilimkuta Baba jikoni, anamenya chungwa.

"Baba, nisamehe."

Hakujifanya haelewi ninaomba msamaha wa nini.

"Umeniaibisha, Anjela. Mbele ya mgeni."

Ningeishia hapo. Lakini mdomo wangu leo haukuwa na breki. Nikamuuliza kwa nini basi anazipenda zile, ilhali hadithi kubwa ni nzuri, na akitaka ataifuata tu.

"Nitaifuataje?" akaniuliza. "Hadithi kubwa ikianza, wewe unanyamaza. Unasoma peke yako. Nikiuliza wamesema nini, unaniambia, 'Wanapigana tu, Baba.' Muda wote huu, mimi sijui yule mwenye suti nyeusi ni rafiki au ni adui."

Akatoa mbegu moja, akaiweka ukingoni mwa sahani.

"Zile za mchezo unanisomea mpaka mwisho. Unacheka, unaigiza sauti zao. Hapo nakuwa na mtu wa kuzungumza naye."

Ni kweli. Nakumbuka nikiwa nimekodoa macho kwenye skrini, na ile "wamesema nini?" yake ikija kando yangu kama nzi, nami naipunga. Siku za kazi anashinda peke yake humu ndani. Majirani hupita ukumbini wakiangalia simu zao, hakuna hata wa kusalimiana naye. Jumapili ndiyo siku yake ya kusikia sauti ya mtu, na mimi nimekuwa nikimpa vipande vipande.

Halafu nikamwambia mgeni kwamba hawezi kuifuata hadithi.

Nilimwomba turudi mwanzo, sehemu ya kwanza kabisa, nimsomee kila neno, za vita na za mchezo, hata kama itatuchukua mpaka kiangazi. Baba alitafuna kipande cha chungwa taratibu.

"Bila kunyamaza?"

"Bila kunyamaza."

"Tutaona," akasema, akaenda chumbani kwake.

Hakusema amenisamehe, na sikuthubutu kumuuliza. Nimebaki na swali lake, maana ninaijua tamaa yangu: hadithi ikinoga, macho yangu hukimbia mbele na kumwacha kila aliye pembeni. Je, nitaweza kweli kusoma kwa sauti pale nitakapokuwa na hamu kubwa ya kujua, mimi kwanza, nini kinafuata?