Neno Moja Juu ya Tangi la Maziwa

Papa wangu mpenzi, huko Kashuga,

Nakusalimu kwa jina la Yesu anayetulinda sote, wewe huko na mimi huku. Goti la kushoto linaendeleaje? Na Mama, kikohozi kimemwachia? Maharagwe mliyopanda nyuma ya kambi yametoa maua, au mvua imeyalaza? Sisi huku Vermont tu wazima, mimi, mume wangu Safari na watoto wetu wawili. Baridi inatupiga, lakini mtu aliyekulia milima ya Masisi hashindwi na baridi. Najua miwani yako ilibaki nyumbani Kirolirwe siku ile tulipokimbia vita, kwa hiyo nimemtumia kaka Bahati picha za barua hii kwenye simu yake akusomee. Bahati, soma polepole, na usiruke mahali ninapojisifu.

Maana leo nimekuja kujisifu.

Papa, unakumbuka tulivyoongea mwezi uliopita? Uliniambia, "Mapendo, ile kazi yetu ya fromaji ilikufa pamoya na ngombe. Tuiache tu." Nyinyi nyumbani mnajua kwamba niko kwenye kiwanda cha jibini, fromaji yetu hiyohiyo, na ni kweli, lakini nilikuwa sijawaambia kwamba mwaka mzima nilikuwa naosha ndoo na sakafu. Jibini yenyewe alikuwa akiitengeneza patroni wetu mwenye kiwanda, Bwana Glenn, mtu mpole aliyeacha kazi ya kompyuta mjini akanunua shamba. Alikuwa anatafuta mtu wa kusimama naye kwenye tangi, na nafasi hiyo niliitaka kuliko kitu chochote. Lakini alitaka mtu anayeelewa Kiingereza vizuri, kwa sababu kosa dogo linaweza kumwaga maziwa ya siku nzima. Kila alipozungumzia jambo hilo mimi niliinama na kuendelea kusugua.

Na Kiingereza chenyewe kilinikwamisha kwenye neno moja tu, fupi, la herufi tatu: set. Mara ya kwanza nilikutana nalo dukani. Nimeshalipa, muuzaji ananiambia mimi ni "all set," nami nikabaki nimesimama pale nikisubiri anieleze kosa langu, watu nyuma yangu wakikohoa. Kumbe alikuwa anasema mambo yangu yamekamilika, niende zangu! Wiki ileile jirani akaniambia jua likizama ni set. Mwalimu wa binti yangu akasema daktari akimwunga mtoto mfupa uliovunjika, hilo nalo ni set. Bwana Glenn akanituma kuandaa meza ya chakula cha mchana, set. Kutega saa iite, set. Sahani sita zinazofanana, set. Saruji ikishakuwa ngumu, set. Hata kuku wake anayeatamia mayai, wazee wa huku wanasema ana-set. Nikaanza kuyaandika nyuma ya daftari la watoto, ukurasa ukajaa, nikafungua mwingine. Nilikasirika, Papa, unanijua. Nikamwambia Safari kwamba watu hawa ni wavivu, wanalifanyisha kazi neno moja kama punda. Safari akacheka.

"Na siye? Unapiga simu, unapiga picha, unapiga magoti, unapiga pasi. Nani alishalia?"

Nikamjibu asiwatetee Wazungu ndani ya nyumba yangu. Lakini alikuwa na haki.

Maana moja tu haikuhitaji mwalimu. Siku moja nilimsikia Bwana Glenn juu ya tangi akisema maziwa yame-set, nikaelewa palepale: yameganda, yako tayari kukatwa. Nilicheka peke yangu na ndoo mkononi. Jambo hilo nililijua tangu nikiwa na miaka saba, pembeni ya sufuria yako.

Sasa sikia yaliyotokea Jumanne iliyopita. Ng'ombe wa Bwana Glenn walikuwa hawatoshelezi, akanunua maziwa kwa jirani. Akatia dawa ya kugandisha, akatega saa yake kama siku zote. Saa ikaita, naye akachukua visu vya kukatia na kusema, "Set." Mimi nilikuwa naosha karibu. Nikatupa jicho kwenye tangi, nikaona uso wa maziwa unang'aa mno, una umajimaji. Nikakusikia kabisa, Papa, kana kwamba umesimama nyuma yangu: "Saa haikamulake ngombe. Weka mukono."

Huku glavu ni sheria. Ukigusa maziwa kwa mkono mtupu unaachishwa kazi, na nilikuwa nimeshaonywa kwa hilo wiki yangu ya kwanza. Nikavua glavu. Nikanawa kwa sabuni hadi kwenye kiwiko, nikasuuza vizuri, nikaweka mgongo wa mkono juu ya maziwa, vile tulivyofanya Kirolirwe. Yakaninata vidoleni. Bwana Glenn akapaza sauti, kitu ambacho sijawahi kumsikia akifanya, na Kiingereza chote kikanikimbia. Nikabaki na maneno mawili. "Not set," nikasema. Akaniambia niondoe mkono. Nikauondoa, nikarudia, "Not set!" Niliona nafasi ya kwenye tangi imekwenda, na ndoo zangu zinaifuata.

Hakunifukuza. Alikata mstari mmoja pembeni kwa kisu. Ule mkato ukajifunga wenyewe, na badala ya maji safi yakatoka maziwa meupe. Akaiangalia saa yake, kisha akauangalia mkono wangu. Akauliza tungoje muda gani. Nikamwambia sijui, maziwa yatasema. Basi tukangoja, mtu na patroni wake. Nikajaribu, bado. Nikajaribu tena, bado. Mara ya tatu mkono ukatoka mkavu, hauna hata tone.

"Set," nikasema.

Papa, alinipa kisu. Nikakata mimi. Maji yakatoka safi, yenye rangi ya kijani kidogo, na vipande vikasimama imara, vinateleza kama ulivyokuwa unavipenda. Nililia pale mbele yake wala sikujificha.

Safari aliposikia alishika kichwa: "Ile saa unatosha glavu mukononi, haukuwaza kazi?" Nikamwambia kwamba kazi ndiyo niliyokuwa nawaza.

Kesho yake Bwana Glenn aliniita. Alikuwa ameenda kwa jirani akakuta ng'ombe wake wote wako karibu kukauka maziwa, na maziwa ya namna hiyo hukawia kuganda, kama ulivyotufundisha. Akauliza nilisoma wapi. Nikamweleza Kirolirwe, jiko la kuni, hakuna saa wala kipimo cha joto, na mwalimu wangu alikuwa Papa wangu aliyemwita kila ng'ombe kwa jina lake. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, na Kiingereza changu kibovu hakikumsumbua hata kidogo. Tangu juzi mimi ndiye niliye kwenye tangi. Amenunua brashi mpya ya kusugulia mikono na kuiweka hapo kwa ajili yangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Mwambie Mama aimbe, nami nitamsikia.

Nisalimie shangazi Riziki, aliyekuwa akibeba jibini zetu mpaka soko la Kitshanga bila kuangusha hata moja. Nisalimie Mama Espérance, jirani aliyewapokea hapo Kashuga, Mungu aibariki nyumba yake. Na wewe Bahati, endesha ile pikipiki polepole, barabara si ya babu yako.

Limebaki jambo moja, Papa, nalo si langu. Bwana Glenn ana kitabu anachoandika kila namna ya kutengeneza jibini. Amefungua ukurasa mpya, ameandika jina lako juu, na chini yake hakuna kitu. Anataka kujua: maziwa ya ng'ombe anayekaribia kukauka ulikuwa ukiyachanganya na ya ng'ombe aliyetoka kuzaa, kwa kiasi gani? Ulikuwa ukichanganya mimi nikiwa shuleni, sikuwahi kuona. Nimemwambia nitamuuliza mwenye kazi. Ongea kwenye simu ya Bahati, kwa Kiswahili chetu, mimi nitatafsiri. Kila asubuhi, kabla hata ya kunisalimia, ananiuliza kama Papa amejibu.

Binti yako anayekupenda,
Mapendo