Salamu kwenye Kompyuta ya Zuhura

Jumatatu, 15 Aprili
Nimefagia. Nimewasha kompyuta ya Zuhura. Imeandika kama kila asubuhi: Shikamoo mama. Herufi kubwa, za kijani. Nimeitikia marahaba. Nimeinjika chai.
Aliipanga mwenyewe mwanangu, kabla hajaumwa. Alisema hii ni Linux mama, mfumo wa kompyuta unaoupanga upendavyo, kama jiko lako. Herufi kubwa kwa ajili ya macho yangu. Nyuma kaweka picha ya migomba ya Matombo.
Watu wananiambia lia, mama Zuhura, utapona. Silii. Sisikii kitu.

Jumatano, 17 Aprili
Kaka Salum ameshuka kutoka Matombo. Jumamosi ni arobaini. Baada ya dua vitu vya marehemu vitagawanywa, na kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno. Kompyuta amempa Rehema, mtoto wa mdogo wangu Hadija, anaanza chuo. Ataifuta aweke mambo yake. Ni haki. Nimekubali.
Nimeipangusa vumbi.
Neema, aliyesoma na Zuhura chuoni pale Mazimbu, kaniambia usihofu mama. Ana kompyuta yake ya zamani, ataweka Linux hiyo hiyo, aniletee. Mimi ninakili tu kila kitu kwenye flashi. Itakuwa kama alivyoiacha.

Ijumaa, 19 Aprili
Nimenakili mwenyewe. Nimefungua folda yake, nikachagua vyote, nikavuta kwenye flashi. Nikatazama tena na tena. Hakuna kilichobaki. Mimi niliyeishia darasa la nne.

Jumamosi, 20 Aprili
Dua imesomwa. Pilau haikutosha, tukasonga ugali. Vitu vimekwenda.
Rehema kaibeba sipiyu, lile boksi la kompyuta, mgongoni kwa kanga, kama mtoto. Watu wakacheka, Hadija akamwambia mbembeleze basi, analia. Na mimi nilicheka. Meza tupu.

Jumatatu, 22 Aprili
Neema kaleta kompyuta yake. Tukachomeka flashi, akarudisha vyote. Picha zipo. Kazi za chuo zipo. Salamu haipo. Herufi ndogo kama chawa. Nyuma bluu tupu.
Neema akaniuliza, mama, ulionyesha na mafaili yaliyofichwa? Yapi hayo? Kumbe mipangilio yote hukaa kwenye mafaili ambayo majina yake yanaanza na nukta, na hayo hayaonekani mpaka uyaite. Mimi nilibeba ninavyoviona. Neema anasema kosa ni lake, hakuniambia. Kosa la nani halinisaidii.
Nimempigia Rehema. Hapatikani. Alisema fundi anakuja kuifuta wiki hii.

Jumanne, 23 Aprili
Mvua. Milima haionekani. Rehema hapatikani, Hadija hapatikani. Wanasema barabara ya kwao Matombo imekatika.
Wali umeungua nikiwa nimesimama pale pale.

Alhamisi, 25 Aprili
Rehema kapiga. Hata shikamoo yake sikuitikia. Nikamuuliza, umeshaifuta?
"Fundi alikuja, mama mkubwa, nikamrudisha. Kila nikiwasha naambiwa shikamoo mama. Mimi! Hata kuolewa bado! Dada Zuhura aliyekuwa ananituma chumvi, leo aniamkie mimi? Nimeona uzito. Nikasema salamu hii ina mwenyewe."
Nimekaa sakafuni. Nikamwambia kumbe umezeeka ghafla, bibi wee. Akacheka sana.

Jumamosi, 27 Aprili
Rehema kaja na lori la ndizi. Sipiyu ndani ya kanga, kavu kabisa. Yeye matope mpaka magotini.
Neema kabonyeza vitufe viwili, yakatokea mafaili yaliyofichwa. Mengi, kila moja na nukta yake mbele. Yalikuwepo muda wote. Kayanakili kwenye flashi, nikasema na nyingine. Wakanitania, mama unataka kufungua duka la flashi? Nyingine nimeitia kwenye mkebe wa mdalasini, ndani ya mfuko wa nailoni.
Neema kayarudisha kwenye kompyuta yangu, ile aliyoniletea. Akasema izime, kesho iwashe mwenyewe.
Halafu Rehema akaifuta ile yake. Aliniomba ruhusa kwanza. Nikampa. Nikatoka kuanua nguo.

Jumapili, 28 Aprili
Nimefagia. Nimeinjika chai kwanza, mikono haikutaka kuwasha.
Nimewasha. Shikamoo mama. Kijani. Kubwa. Migomba nyuma.
Nilikaa nikaitazama. Chai ikafurika, ikazima moto.
Marahaba, mwanangu. Sauti ilitoka imekwaruza.
Nimeinjika chai nyingine.