Folda Aliyoitengeneza Yosamu

Kompyuta ya Yosamu hapa Bwera imekataa kuona flashi. Taa ya flashi inawaka, lakini kwenye folda ya dev, ile ya vifaa vilivyochomekwa, inapotokeaga, hakuna kitu.

Sasa sikia, Ronnie. Yosamu akatengeneza folda yake humo humo, akaiita flashi, akidhani ndiyo flashi yenyewe! Akatia sauti aliyoirekodi kwa simu, ya marehemu baba yake akigawa shamba la Karusandara. Akaifuta kwenye simu.

Fundi Musimenta akaja. "Zima, uwashe."

Yosamu akazima. Yeye mwenyewe akazima!

Flashi ikaonekana, tupu.

"Folda yangu iko wapi?"

"Mzee, vya humo haviko kwenye diski, viko kwenye kumbukumbu ya muda tu. Ukizima, vimekufa."

Banange, jamani. Kaka zake wa Hamukungu wanakuja Jumapili kuisikiliza sauti hiyo ya baba, na hawaji wakicheka.

Sauti, dakika arobaini. Mashahidi wa mgawo huo watatu, wawili tumeshawazika. Wa tatu ni Yosamu mwenyewe.